Aliyeusugua Wimbo wa Baba

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Kitinda, mtoto wa mwisho, alibonyeza kitufe asikilize wimbo wa baba yao. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa sauti za watu wanne wanaozama ndani ya pipa.

Dakika ishirini baadaye dada yake alikuwa mlangoni na mfuko wa spana begani. Alikuwa fundi bomba, na jina lenyewe lilishapotea. Hata nyumbani walimwita Fundi. Mtaa mzima ulimjua kwa masikio yake. Alikuwa akiweka sikio ukutani, anafumba macho, kisha anagonga tofali moja na kusema, "Hapa." Wakivunja, maji yanawarukia usoni.

"Dada, nimekwisha," Kitinda alisema. "Mama anakuja kesho saa nane, na Dada Mkubwa ameshapanda ndege."

Uzito wa jambo ulikuwa hapo. Marehemu baba yao alimtungia mama wimbo, na haukuwahi kurekodiwa. Ijumaa saa kumi na moja jioni watoto wake wote wanne waliuimba na kuurekodi katika sebule hii: mabinti watatu na kaka yao, kinyozi. Alfajiri Dada Mkubwa akasafiri, na kurudi kwake ni baada ya miaka mitatu. Masikio ya mama yalikuwa yakififia mwezi hadi mwezi. Hapakuwa na kurudia.

"Kadi ya kinasa sauti je?"

"Haipo. Imebaki nakala ya kompyuta, hii iliyoharibika."

"Basi mtu kaichukua. Nani ameingia humu tangu jana?"

"Mimi, ila leo nilikuwa sokoni hadi saa nne. Mume wangu, na Kaka. Seremala wa jirani naye alirudisha ngazi. Kaka mwenyewe jana hakuwa sawa. Hata karanga hakugusa, na akicheka anaziba mdomo."

Fundi aliandika yote kwenye daftari la vipimo vya mabomba, kisha akamwita shemeji yake, mume wa Kitinda. Huyo ndiye mwenye kompyuta, na jana aliwachosha watu kwa somo refu la kusafisha kelele: unaionyesha programu kipande chenye uvumi mtupu, unaiambia hii ndiyo takataka, kisha unavuta kitufe kidogo kidogo. Ukivuta mpaka mwisho, kelele inakufa na mwimbaji naye anakufa.

Shemeji alitokea amevaa kofia ya baridi, na jua lilikuwa linawaka.

"Shemeji, vua kofia."

"Ya nini, Dada Fundi?"

"Vua tu."

Akavua. Upande wa kushoto kichwa kilikuwa kinang'aa kama sahani. Wa kulia, kichaka. Kitinda alicheka huku machozi hayajamkauka.

"Kaka alikuja saa mbili kuninyoa uani," Shemeji alieleza kwa uchungu. "Alipofika katikati akasema anaingia ndani kuchemsha maji. Nimekaa na shuka shingoni dakika arobaini! Aliporudi akasema mashine imekufa, akaenda zake."

Fundi alitazama kompyuta. Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho saa mbili na dakika hamsini. Akatoka hadi kwenye uzio.

Seremala alikuwa na kinyongo chake. Jana aliombwa aache nyundo saa nzima. "Mimi nigombane na wimbo?" alifoka. "Ngazi nimeiegemeza ukutani, ndani sikukanyaga. Tangu saa mbili na nusu hadi saa tatu nilikuwa hapa napiga randa, namwona shemeji yako amekaa na shuka kama sanamu inayosubiri kuzinduliwa. Nimemsalimia mara tatu!"

Kwa hiyo hao wawili walikuwa wameonana, wote wakiwa nje faili lilipohifadhiwa. Fundi alirudi ndani, akavaa hedifoni na kufumba macho. Aliusikiliza ule wimbo mara mbili akiandika dakika.

"Ajabu," alisema. "Mwanzoni friji inanguruma kama kawaida, hakuna aliyeigusa. Sekunde ya thelathini na nane Kaka anaingia, na hapo hapo ndipo pipa linaanza. Kaka akinyamaza, friji inarudi. Kaka akiimba, pipa. Mharibifu wetu hana ugomvi na friji."

Alirudisha nyuma kidogo. Dakika ya tatu palikuwa na mahali pamoja pasipoguswa, ambapo Kaka aliguna tu pumzi moja. Tik. Akarudisha tena. Tik. Nyundo husema ko. Tone la maji lina mkia. Hii ilikuwa sauti ya kitu kigumu kinachogusa kigumu kingine, mahali penye unyevu.

"Mpigie simu Kaka," alisema. "Aje saa kumi. Na uniwekee karanga mezani."

Kaka alifika amenyoosha nguo, ananukia, na kisanduku cha nyembe kwapani.

"Karibu karanga, Kaka."

"Nimeshiba, mdogo wangu."

"Moja tu."

"Umeniita kikao au umeniita kunilisha?"

"Nimekuita kwa sababu leo asubuhi ulikuwa ndani peke yako, mwenzako anachomwa na jua na nusu kichwa. Wimbo umesuguliwa pale unapoimba wewe tu. Na hapa," alisogeza bakuli, "kuna karanga ambazo zamani ulikuwa unazimaliza kabla hatujakaa."

Kaka alisimama kwa hasira. "Mimi sijashika kitu chochote cha mtu!"

Na katikati ya neno *chochote*, sebule nzima ikasikia: tik.

Kaka alikaa polepole, akaangalia viatu vyake.

"Mwezi wa tatu sasa," alisema. "Meno yote ya juu ni ya bandia. Mimi ni kinyozi jamani, wateja wananiangalia kwenye kioo kutwa. Jana mliposikiliza, mlidhani ni feni. Mimi nikajisikia nalia kama saa mbovu. Nilitaka kutoa zile tik tu. Nikavuta kidogo, hazikutoka. Nikavuta mpaka mwisho."

"Na kadi?"

"Nilitaka kuitupa." Alifungua kisanduku, akaitoa chini ya nyembe. "Nikashindwa. Sauti ya Dada Mkubwa imo humo."

Kitinda aliinyakua kabla hajamaliza kusema.

Kuanzia saa kumi na moja Shemeji aliikuza picha ya sauti kwenye kioo cha kompyuta. Kila tik ilionekana kama mwiba mwembamba kwenye mawimbi. Aliuchagua mwiba mmoja mmoja, akautoa bila kugusa sauti, na Kaka akakalishwa pembeni kuonyesha inapofuata. "Hiyo yangu. Na hiyo. Hiyo pia, samahani." Ilikuwa miiba kumi na saba. Walipomaliza, Kaka alimnyoa Shemeji upande uliobaki, bila kutoka hata hatua moja.

Jumapili, mama yao alivishwa hedifoni zilizomkaa kama kofia ya chuma. Alisikiliza wimbo wote ameshika mikono ya kiti. Ulipokwisha hakuzivua.

"Rudieni," alisema. Wakarudia. Ndipo akapangusa macho. "Ndivyo alivyouimba. Hivyo hivyo."

Kaka alicheka kwa furaha, mdomo wazi, mara ya kwanza kwa miezi mitatu. Mama alimkazia macho kwa muda.

"Meno mazuri, mwanangu," alisema. "Ya nani?"