Vidonge Viwili vya Fundi Herufi

Nyumba yao ilinuka rangi kuanzia sebuleni hadi jikoni. Mume alikuwa mwandishi wa mabango. Mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi. Mkewe ndiye aliyemchanganyia rangi, basi naye wakamwita Mama Rangi. Alikuwa na jicho kali. Ukimwonyesha jani, atakutolea kijani chake kabla hujamaliza kuuliza.

Asubuhi moja Mama Rangi alikaa mlangoni pa karakana akikoroga kopo. Ndani, mumewe alikuwa akiandika bango la kinyozi. Mistari ilinyooka. Herufi zilikaa sawa. Lakini mume hakuimba, na hilo lilimuuma mkewe.

Zamani mtu huyu aliimba juu ya ngazi mpaka wapita njia wakasimama. Mwaka walipooana alipaka rangi milango ya mtaa mzima, na hakuna aliyemwomba. Kwa siku tano hakulala, hakuchoka. Kisha akaandika jina la mkewe ukutani kwa herufi ndefu kuliko dirisha. Ah, siku zile! Mama Rangi alipozikumbuka alitabasamu peke yake.

Mwaka uliopita mume alishikwa na sonona, yaani huzuni nzito inayomlaza mtu hata kama hajafiwa. Alilala akiutazama ukuta. Hakutaka kula wala kuoga. Mkewe akampeleka kliniki. Daktari aliwauliza mengi, ya sasa na ya zamani, kisha akasema, "Huu ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kuna siku zinapaa mno, kuna siku zinazama mno."

Akampa kwanza kidonge cheupe cha kusawazisha hisia, kiitwacho lithiamu. Akampima damu. Baada ya wiki kadhaa akaongeza kidonge cha njano cha kuondoa sonona. "Vyote viwili, kila siku," alisema.

Mume akapata nafuu. Akarudi kazini. Ila nyimbo hazikurudi.

Mama Rangi akawaza kwa akili ya kazi yake. Siku hiyo alimwita mumewe, akamwonyesha kopo la njano inayong'aa. Akadondoshea tone la kijivu, akakoroga.

"Unaona?" alisema. "Njano imekufa. Ndivyo ulivyo wewe. Kidonge kimoja kinakuinua, kingine kinakuvuta chini. Tuache hicho cheupe."

"Daktari je?"

"Daktari anajua dawa. Mimi najua kuchanganya."

Mume akacheka kidogo. "Haya, bingwa wa kuchanganya ni wewe."

Kweli, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kidonge cheupe kikawekwa kando, na kliniki haikuambiwa.

Wiki ya tatu mume aliamka akiimba. Mama Rangi alishika kifua, machozi yakamtoka. "Mume wangu amerudi!" alijisemea. Walicheza dansi kati ya makopo kama vijana. Alijiona ana miaka ishirini tena.

Lakini furaha ile haikujua kutua. Mume alilala kwa saa mbili tu usiku, kisha akaacha kulala kabisa. Alizungumza mbio, neno moja likikanyaga jingine. Bango la kinyozi alilifuta na kuliandika upya mara nne. Kinyozi alipolalamika, alimtukana, yeye ambaye hakuwahi kumtukana hata paka. Mama Rangi aliona. Ila alijiambia kwamba ndivyo mafundi wakubwa walivyo.

Kisha kukapambazuka siku mume hayupo kitandani. Mama Rangi alitoka mbio. Akamkuta juu ya mnara wa maji wa mtaa, amesimama kwenye ngazi ya chuma, hana kamba. Ubavuni mwa tangi ameandika herufi tatu kubwa, nyekundu.

"Mke wangu!" alipaza sauti. "Leo naandika mpaka mawinguni! Mimi sianguki!" Akaachia ngazi ili ampungie kwa mikono yote miwili.

Mama Rangi alikimbilia chini ya ngazi. Alijua sasa kwamba anaweza kumpoteza, hapo hapo, mbele ya macho yake.

Jirani yao alikuwa akienda kazini. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, amevaa sare yake. Akamshika Mama Rangi mkono, kisha akaita kwa sauti ya kawaida.

"Shemeji, habari za asubuhi! Nyekundu hiyo nimeipenda. Shika ngazi, ushuke taratibu, uje kunielezea umeipataje."

"Hii? Siri ya ufundi!"

"Basi njoo unong'oneze."

Mume akacheka, akashika ngazi. Akashuka hatua kwa hatua. Alipokanyaga ardhi, Mama Rangi alimkumbatia kwa nguvu mpaka rangi ikawachafua wote wawili.

"Dada," muuguzi aliuliza, "dawa anakunywa?"

Mama Rangi aliinamisha kichwa. Akasimulia yote, hata kopo la njano. "Nilitaka aimbe kama zamani," alisema. "Kama mwaka ule wa milango."

"Na baada ya milango? Nini kilifuata?"

Mama Rangi alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Alikumbuka. Baada ya milango mume alilala miezi miwili, na yeye aliwadanganya watu kwamba amesafiri. Siku moja alimkuta akilia chini ya meza.

"Nilikuwa nimesahau," alisema polepole.

"Hukusahau. Ulipaka rangi juu yake," muuguzi alisema kwa upole. "Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini dawa si rangi, dada. Cheupe hakiui cha njano. Kinakishikilia. Mwenye ugonjwa huu akinywa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumpaisha kupita kiasi. Ndiyo maana daktari alianza na cheupe."

"Basi nimpe vidonge viwili vyeupe leo, afidie vilivyopita?"

"Hata kidogo! Usifidie, usipunguze, usiache ghafla bila daktari. Lithiamu ikizidi mwilini ni sumu. Twende sasa hivi, na ubebe dawa zote zilizomo ndani."

Mama Rangi alibeba mfuko mzima. Kule kliniki daktari alimwaga vidonge mezani, akachukua kimoja cha aina ya tatu.

"Na hiki?"

"Cha mgongo," mume alisema. "Ngazi zinaniumiza. Nilikinunua kwenye duka la dawa."

"Usikirudie. Baadhi ya dawa za maumivu hufanya lithiamu ijae kwenye damu. Kabla ya kununua chochote, hata dawa ya mitishamba, niulize."

Daktari alipima damu na figo. Akasimamisha cha njano kwa muda, akaanzisha cheupe upya kwa kipimo chake. Mume akalazwa siku kumi. Kwa wiki nyingi baadaye alipimwa tena na tena. Huzuni iliponyemelea, daktari alirudisha cha njano, kwa kipimo kidogo.

"Kunywa maji ya kutosha, na chumvi ya chakula usiibadilishe ghafla," muuguzi aliwakumbusha. "Akitapika, akiharisha, mikono ikitetemeka sana, akipepesuka au akichanganyikiwa, asinywe kidonge kingine cha lithiamu. Mleteni hospitali mara moja. Na akianza kukesha au kuongea mbio, au akitamani kufa, msingoje."

"Na akiimba?" Mama Rangi aliuliza.

Muuguzi alicheka. "Kuimba si ugonjwa. Tazama kama analala."

Mama Rangi alipiga mistari kwenye daftari. Kila siku aliandika saa ambazo mume amelala, na mume mwenyewe alitia alama kwa kila kidonge. Bado alimkumbuka kijana yule wa milango. Alimpenda, na kumkosa kulimuuma. Hilo hakulionea haya tena.

Miezi sita ikapita. Jioni moja walikuwa wakiandika ukuta wa shule, herufi ndefu za bluu. Jua lilikuwa bado halijazama. Mume alishuka kwenye ngazi, akanyoosha mgongo.

"Nimechoka," alisema. "Tutamalizia kesho."

Mama Rangi aliacha kukoroga. "Umesemaje?"

"Nimechoka, mama. Kwani kuchoka ni kosa?"

Machozi yalimjaa mkewe, na kicheko nacho kikaja. Katika miaka yote ya ndoa yao alimjua mume asiyechoka na mume asiyeweza kuamka. Huyu aliyechoka kwa sababu amefanya kazi, na kesho ataendelea, ndiyo kwanza alikuwa akikutana naye.

"Si kosa, baba," alisema. "Twende nyumbani tukale."