Ombi la Sala Lililomnyima Baba Kaburi

Nina miaka arobaini na saba, mjane, mpishi wa nyumba ya wageni hapa Makambako. Haya hata mchungaji wangu hayajui...

Bibi mzaa baba alitoka Uhabeshi. Waitaliano walipoitawala nchi hiyo kwa bunduki, askari wao mmoja alimchukua kwa nguvu, awe anamfulia, anampikia... mengine mnayaelewa. Babu, Mbena wa Kifanya, alipelekwa huko na jeshi la Waingereza kuwang'oa. Akarudi na bibi, mgongoni kichanga. Akawaambia ndugu zake kwamba mtoto ni wake. Kichanga huyo ndiye baba yangu!

Bibi aliniachia siri hii mimi tu. Baba hakuijua. Alimpenda babu mno, na uzeeni alitaka jambo moja: azikwe ubavuni mwake, Kifanya.

Mwaka juzi baba akapooza. Kwenye jumuiya yetu ya Kilutheri kila mmoja hutaja shida yake iombewe. Zamu yangu ilipofika nikamwaga yote... Mwitaliano, bibi, damu, kwamba huenda ni laana. Nilitaka maombi tu? Hapana! Nilinogewa na jinsi walivyonyamaza kunisikiliza. Na mke wa baba mdogo alikuwepo, nikamsahau!

Wiki haikuisha, baba mdogo akaja. Maisha yake yote alikuwa wa pili. Sasa kapata nafasi. Akaketi kitandani, akasema taratibu, "Kaka, pale nyumbani wanalala wa damu ya mzee. Wewe utafutiwe kwingine."

Baba alilia kama mtoto. Alipotoka mdogo wake, akanishika mkono.

"Mwanangu, bibi yako aliwahi kukwambia hivyo?"

"Hapana, baba."

"Sasa nani kawaambia?"

Nikasema sijui. Mungu wangu... nikasema sijui!

Hakumaliza mwezi. Tulimzika makaburi ya mjini hapa, kati ya watu asiowafahamu, na kutoka Kifanya hakuja hata mmoja kumtupia udongo. Mwitaliano alimdhulumu bibi. Mwanawe nimemdhulumu mimi.

Ndugu wasomaji, siri ya mzazi si ya kupeleka kwenye maombi ya watu. Mungu anaijua, ya nini kumsimulia mbele za majirani? Na ukishakosea, kiri mapema, uliyemkosea angali anasikia. Mimi nilikuwa na wiki tatu nzima, mkono wake mkononi mwangu... nikanyamaza.