Aliyeambiwa Azunguke Nyuma

Soko lilikuwa limefurika. Fundi cherehani, mikono imejaa vitambaa, akamkanyaga mtu mguu. Aliinua uso kuomba radhi. Alikuwa mchumba wake, askari polisi, bila sare, shati limepigwa pasi mpaka limesimama.

Walikuwa hawajaonana tangu kaka yake fundi, naye askari wa kituo kilekile cha mji wao mdogo, alipouawa na majambazi waliovamia duka. Kaka na mchumba walikuwa doria pamoja siku hiyo. Kaka akazikwa, mchumba akaomba uhamisho, akala kona.

"Umenenepa," askari alijaribu utani wao wa zamani.

"Na wewe umepotea. Nilikupigia simu mpaka vidole vikaota sugu."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Hasira zikampanda fundi. Asubuhi hiyo kituoni walikuwa wamefanya kumbukumbu ya marehemu. Mkubwa mmoja, asiyewahi hata kumwona, alimsifu kuwa mtu mkimya. Mkimya, kaka aliyekuwa akichekesha hadi mahabusu. Mama alikaa mbele akiyasikiliza hayo, na mtu pekee aliyemjua vizuri kazini hakuonekana.

"Ningekuja kwa uso gani?" askari alisema. "Yeye chini, mimi mzima. Mama akiniona atauliza kwa nini haikuwa mimi."

"Nani kakwambia? Mama anauliza kitu kimoja tu: mwanangu alisema nini mwisho. Mwaka mzima umemnyima jibu. Twende ukampe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na usidhani nimekusamehe."

Akamtwika vitambaa vyote, akatangulia.

Mama alipofungua mlango alimtazama askari muda mrefu. "Umekonda, baba. Ingia." Alipokwisha kuketi, akamuuliza lile swali lake.

Askari alijikuna shingo. "Tulipofika dukani, aliniambia, 'Shemeji, wewe zunguka mlango wa nyuma. Mimi napita mbele, wewe bado una harusi.' Alikuwa anacheka, mama. Nikazunguka. Ndipo nikasikia risasi."

Fundi alitamani kumpiga mtu: huyu kwa kukaa na neno hilo peke yake, na kaka kwa kulisema.

"Kumbe ndiyo maana ukanikimbia," alisema.

"Ningekuoaje, mpenzi, baada ya hapo?"

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu alikuwa na maneno mengi," alisema, "lakini hakuwa mwongo. Msimfanye mwongo leo."