Mawaridi ya Mawe Kaburini

Eulalia alikuna nazi huku amevimba kwa hasira. Kesho ilikuwa Siku ya Wafu. Wagarifuna wote wa kijiji chao, pwani ya Honduras, wangekuja kuomba makaburini, na kaburi la mama yake lilikuwa linanuka.

Juzi tu kaka yake Teófilo, mzamiaji anayevua kamba baharini, alilipamba kwa mawaridi ya mawe. Ni mawe ya duara yenye mistari kama ua. Marehemu aliyapenda sana. Leo nzi walikuwa wamejaa pale.

Eulalia aliacha nazi akaenda kwa Basilia, mke wa Teófilo.

"Wifi, kwa nini umemwaga matumbo ya samaki kwa mama yangu?"

"Mimi?"

"Hamkupatana hata siku moja. Sasa hawezi kukujibu, ndiyo unamwekea uozo."

Basilia, mlinzi wa matumbawe katika hifadhi ya bahari, aliweka kisu chini. "Usinitukane nyumbani kwangu. Twende tukauone huo uozo."

Kaburini aliokota waridi moja. Nyama ya kijani ilikuwa ikichuruzika kwenye mistari. Akamsogezea Eulalia puani.

"Nusa. Huyu ni mnyama, wifi. Matumbawe mengine huishi mengi pamoja, yamegandana. Huyu huishi peke yake, mwili mmoja, mdomo mmoja hapa katikati. Jiwe ni mifupa yake. Huijenga polepole, miaka na miaka."

"Hana miguu. Anakula nini?"

"Usiku hutoa minyiri, hudaka vijidudu vya baharini. Tena ndani ya nyama yake mna mimea midogo mno inayomlisha. Hushika mwamba palipo na kivuli. Huko ndiko mume wangu alikokwenda na mtaimbo. Nilimkataza. Akasema dada kaagiza."

Uso wa Eulalia uliwaka. Mama aliokota yale meupe, makavu, yaliyotupwa ufukweni. Yeye ndiye aliyetaka mapya, ili kaburi lao lipite ya majirani kwa uzuri.

"Wameisha?"

"Kwenye ule mwamba amebaki mmoja."

Eulalia alimwita Teófilo kwa sauti ya kuamsha maiti. "Uliwang'oa kwa mtaimbo huo. Sasa wachimbie shimo kwa huohuo."

"Si wewe uliyenituma?"

"Ndiyo maana nitachimba na wewe."

Waliwazika, wakaosha kaburi, wakalipamba kwa makome makubwa ya jikoni, magamba ya konokono wa baharini ambao nyama yao ilikwisha kuliwa. Hapakunuka tena.

Jioni Eulalia alimpelekea Basilia bakuli la mchuzi wa nazi. "Nilikukosea, wifi."

"Sana. Na ndizi za kutwanga za kulia mchuzi huu ziko wapi?"

Mwaka uliofuata makaburi mengi kijijini yalipambwa kwa makome. Teófilo alirudi kutoka baharini, akamkuta dada yake kaburini, akamwambia akicheka:

"Pembeni mwa yule mmoja aliyebaki mwambani kuna mtoto, kama kifungo cha shati."

"Umemgusa?" Eulalia aliuliza.

"Hapana."

"Ukimgusa, nitakulaza hapa pembeni mwa mama. Na makome sikuwekei."