Unyevu wa Shamba la Juu

Kila mvua za kwanza zilipoanguka, Talato alikuwa na kazi yake kabla ya kwenda kuchota maji: kupima shamba. Alifukua udongo kwa mkono mpaka akutane na ukavu. Unyevu ukifika kiwikoni, walipanda. Ukiishia kwenye kifundo cha mkono, walisubiri. Baba yake, Noaga, ndiye aliyeianzisha kawaida hiyo. Miaka kadhaa nyuma walikuwa wamepanda kwa kufuata maua ya miti na kuja kwa ndege, kama mababu walivyofanya, wakavuna mabua matupu.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kwa kelele nyingi, ikakatika. Vijiji vyote vya upande huo wa mji wa Wahiguya vilishika majembe. Baba alikwisha kutoa kibuyu cha mbegu za uwele. Kilikuwa hicho kimoja tu. Ghalani haikubaki hata punje.

"Kimbia shamba la juu, Talato," alisema. "Kapime katikati, si pembeni."

Shamba la juu lilikuwa mbali, na wenzake walikwisha kupanga ndoo kisimani. Talato aliishia bondeni, mahali maji yalipotuama, akachimba hapo. Mkono ulizama mpaka kiwikoni bila taabu. "Ardhi ni ile ile," alijiambia, akarudi mbio. Mvivu hakosi sababu.

"Unyevu umefika wapi?" baba aliuliza.

"Kiwikoni, baba."

"Katikati ya shamba?"

"Ndiyo, baba."

Wakatoka. Njiani walimkuta jirani yao Toe, ambaye ni Msamo, na makabila hayo mawili, Wasamo na Wamosi, ni watani tangu enzi na enzi; hutukanana bila kukasirikiana.

"Noaga!" Toe alipaza sauti. "Nyinyi Wamosi mkisikia ngurumo tu, mnapanda! Tumbo langu likinguruma je?"

"Nenda kale kichwa chako cha mbwa, Msamo wewe!" baba alijibu akicheka. "Mimi nimepima. Binti yangu ndiye macho yangu."

Talato aliinamia kibuyu, akaendelea kutembea.

Shambani baba alitangulia akipiga jembe na kuimba. Talato alimfuata, akidondosha punje na kuzifukia kwa mguu. Katika mstari wa pili alichomeka kidole ndani ya shimo. Juu palikuwa na tope. Chini kidogo, vumbi kavu. Pengine mvua itarudi kesho, alijifariji, akadondosha punje nyingine. Mstari wa tatu. Wa sita. Kibuyu kilizidi kuwa chepesi, na kila punje iliyotoka ilikuwa tonge la wadogo zake. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.

"Kaza mwendo, mwanangu! Jua linatukaushia!"

"Baba, simama."

"Nini tena? Umekanyaga mwiba?"

"Sikufika huku asubuhi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilipima kule bondeni."

Baba alitupa jembe, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Unyevu haukufika hata kwenye kifundo. Akachukua kibuyu, akachungulia ndani, akakitikisa. Talato aliona afadhali angechapwa.

"Theluthi nzima!" baba alisema. "Theluthi nzima ya mbegu, Talato!"

"Nisamehe, baba."

"Lia huku unatembea. Turudi nyumbani."

Mvua ikaadimika siku kumi na tisa. Uwele waliokwisha kuupanda ulichipua, ukanyauka, na wa majirani wengi vilevile. Wao hawakukaa bure. Walichimba zai, yale mashimo mapana ya kukinga maji, wakayatia samadi, wakapanga mawe ili maji yasikimbie. Viganja vya Talato vilitoka malengelenge na hakuna aliyempa pole. Kila jioni alitazama mbinguni kwa hofu. Je, isipokuja kabisa?

Siku ya ishirini mvua ilikuja, ikanyesha mchana kutwa. Talato alikwenda shamba la juu, akachimba mahali panne. Safari hii baba hakumuuliza mara mbili. Walipanda mbegu zote zilizobaki.

Mavuno hayakujaza ghala, lakini yaliwatosha kula, na mbegu zikabaki. Siku walipopukuchua uwele, Talato alijikaza akauliza, "Baba, kwa nini siku ile hukunichapa?"

"Kwa sababu ulisema mbegu zikiwa bado zipo. Ungesema kesho yake, ningekuchapa, na njaa ingekuwa pale pale."

Akapepeta kidogo, kisha akatua ungo.

"Zamani mvua ilikuwa na ahadi. Mtu akidanganya kidogo, shamba lilimsamehe. Siku hizi mbingu yenyewe inatudanganya, mwanangu. Tukidanganyana na sisi, tutapanda kwa neno la nani?"