Pasi ya Kwa Dobi

"Nani ameosha pasi?"

Mama alisimama katikati ya jiko, pasi ya mkaa mkononi, imetakata inang'aa.

"Ni mimi, mama," alijibu yule binti fundi cherehani, mchumba wa mwanawe, huku akitabasamu. Maskini, alidhani anasubiri shukrani. "Nimewahi asubuhi. Nimeisugua kwa sabuni na waya wa sufuria, nikaimalizia na msasa. Ilikuwa imeshika masizi mpaka haitazamiki."

"Masizi!" Mama akakaa juu ya gunia la viazi kama aliyekatwa miguu. "Eti masizi! Mpishi! Njoo umwone mchumba wako!"

Kama hujawahi kula baga ya Kwa Dobi, nakuonea huruma. Babu wa huyo Mpishi hakuwa mpishi hata kidogo. Alikuwa dobi, ana chumba kimoja cha kufulia na kunyoosha nguo za mtaa. Kwenye dirisha la pili kutoka kwake palikuwa na binti wa jirani aliyeuza mikate na nyama ya kusaga. Siku moja ya mvua, nguo hazikauki, pasi inawaka moto wa bure, dobi akaomba donge la nyama kwa binti, akaliweka juu ya bamba la chuma, akaligandamiza kwa pasi. Nyama ikaiva juu na chini kwa mpigo mmoja. Harufu ikafika barabarani, na waliofuata mashati yao wakaondoka wameyasahau.

Tangu hapo pasi ile haikuguswa na maji. Mafuta ya miaka yote yaliganda chini yake yakawa ngozi nyeusi, laini, nyama inateleza bila kushika. Nimemwona mzee wa tai na koti akila pale amefumba macho, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko, na wala hajali.

Na ile familia ina desturi yake: anayeolewa humo lazima agandamize baga ya kwanza, ampelekee Bibi, mkubwa wa nyumba hiyo, kwa mikono yake. Siku yenyewe ilikuwa hiyo.

"Haya, gandamiza basi tuone," Mama alisema.

Fundi akagandamiza. Alipoinua pasi, nusu ya nyama ilibaki bambani, nusu imeng'ang'ania chuma.

"Umeona? Mtu hajaingia ndani ameshafuta jasho la baba mkwe wangu! Ndoa gani hii?"

"Mama, hakujua," Mpishi alijitahidi kumtetea.

"Angeuliza! Kuuliza si ujinga!"

Fundi akavua aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma akilia. Alipofika kwake akamwandikia Mpishi:

"Nisamehe. Mwambie mama pete nitairudisha."

Jibu likaja hapo hapo: "Usirudishe kitu. Bibi anakuita. Njoo na mikono yako hiyo hiyo."

Alimkuta Bibi uani, juu ya kigoda, pasi imewekwa kwenye jiko la mkaa, bakuli la mafuta pembeni.

"Bibi, nimewaharibia."

"Umeharibu kweli, sitakudanganya. Sasa kaa uiponye. Paka mafuta kidogo kidogo, kama unampaka mtoto mchanga."

Fundi akapaka, akachoma, akafuta, akapaka tena. Chuma kikawa njano, kikawa kahawia. Huko mbele Mpishi aliwaambia wateja, "Leo pasi inaumwa." Mnadhani waliondoka? Walizunguka uani mmoja mmoja, wakasimama kuitazama. Mwalimu mstaafu alivua hata kofia.

"Mke wangu nilimwambia nampenda kwenye ile meza ya dirishani," alisema taratibu. "Iacheni ipone. Nitasubiri."

Fundi alitazama zile nyuso. Alidhani amesugua chuma, kumbe amesugua mtaa mzima.

Pasi ilipokuwa nyeusi, alilowesha ncha ya kidole, akaigusa kufumba na kufumbua. *Tss!* Akainamisha sikio.

"Nani kakufundisha hivyo?" Bibi aliuliza ghafla.

"Hakuna, Bibi. Sisi wa kunyoosha nguo huwa tunaisikiliza. Ikilia kwa mkato, iko tayari."

Bibi akashika mdomo. Machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Mwanangu, baba wa huyu Mpishi, anaangalia moshi. Mjukuu wangu anaangalia saa. Tangu mzee aondoke, sijasikia mtu akiongea na hiyo pasi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi ndani, akaleta donge la nyama, akampa Fundi mkononi.

Fundi akagandamiza. Pasi ikanguruma, moshi ukapanda, na alipoinua, nyama ikaachia yenyewe, nzima, kingo zimekauka vizuri. Watu wote uani wakasema "Aaah!" kwa sauti moja. Akaiweka kwenye mkate na vitunguu, akapiga magoti mbele ya Bibi.

Bibi akang'ata. Akatafuna polepole. Mpishi alikuwa amekunja kitambaa mkononi mpaka kimekuwa kamba.

"Chumvi imepungua," Bibi akasema.

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nikusamehe nini? Ya babu yenu, siku ile ya mvua, nayo ilipungua chumvi." Akapangusa mafuta kidevuni, akacheka. "Nikaolewa naye hivyo hivyo."

Uani kukalipuka vigelegele. Mama akamfunga Fundi aproni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo.

"Wateja wana njaa, mwanangu. Pete yako ivue uiweke mfukoni, isije ikaingia kwenye nyama. Jioni utaivaa."

Kisha akachukua sabuni yote ya jikoni, akaenda kuifungia kabatini.