Moyo Usioandikiwa Kikomo

Atakayekusimulia kisa hiki kwa namna nyingine, muulize alikuwa wapi. Mimi nilikuwemo. Nilikuwemo ndani ya ule ukumbi wa makabati, na ufagio wangu mkononi, na macho yangu haya ambayo hayajawahi kuvaa miwani, na masikio yanayosikia mende akipiga chafya. Shule niliachana nayo mapema kwa kutoelewana na mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mambo ya mtambo nitakueleza kwa lugha ya watu. Kaa vizuri.

Ilianza na feni.

Feni za ukumbi ule zilikuwa na sauti moja tu, mchana na usiku, mngurumo usiopanda wala kushuka, hata wafanyakazi wakirudi nyumbani walikuwa wakiona kimya kinawapigia kelele. Asubuhi moja Fundi Baridi akasimama katikati ya safu ya makabati na kuinamisha kichwa. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuangalia mabomba ya maji baridi yaliyopita tumboni mwa mtambo ili usiungue. Feni zilikuwa zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia. Zilikuwa zinapumua.

Akamwita mkubwa wa mtambo, mwanamke mmoja mrefu, mpole, ambaye wote walimwita Daktari. Alikuwa daktari wa hesabu, si wa sindano. Mafua yake mwenyewe yalimshinda.

"Dada, hebu shika bomba hili."

Daktari alishika. Bomba lilikuwa linadunda.

"Ni pampu," alisema.

"Pampu nimeizima mwenyewe sasa hivi. Na hata ingekuwa inafanya kazi, pampu haichechemei."

Ni kweli, mdundo ule ulichechemea: miwili ya haraka, wa tatu ukiburura mguu nyuma. Daktari aliondoa mkono kama mtu aliyekutwa kwenye kabati la jirani, akasema basi itakuwa pampu nyingine, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Huko akakaa na kuufumbata mkono ule kifuani. Mdundo ule alikuwa ameulalia sikio miaka yote ya uhai wa mwanawe.

Sasa nikueleze mtambo wenyewe, usije ukadhani ni kompyuta ya kuchapia barua. Yalikuwa makabati meusi, marefu kuliko mtu, safu kwa safu, na ndani ya kila kabati vibongo maelfu kwa maelfu vikifikiri jambo moja kwa wakati mmoja, kama kijiji kizima kilichobeba jiwe moja. Swali ambalo mtu mwenye akili angelikokotoa hadi mvi zimwote na kunyonyoka, mtambo ulilimaliza kati ya chai na chakula cha mchana. Ulisema tufani itapiga wapi, dawa gani itaushika ugonjwa gani, ardhi ikitikisika ghorofa lipi litalala chini. Na uliweza kuunda moyo. Hospitali ilipiga picha za moyo wa mgonjwa, picha zikaingia mtamboni, na moyo ukaanza kudunda kwenye kioo, wa namba tupu. Mpasuaji akajaribu kukata hapa na kushona pale, na akikosea hakuna anayekufa.

Mume wa Daktari alikuwa fundi cherehani, mtu wa maskhara. Mtambo aliubatiza Bwana Makabati. Alisema wanaume wenzake huogopa mke kuchukuliwa na mwenye gari, wake yeye kachukuliwa na mwenye feni. Binti yao walimwita Njiti, kwa wembamba na kwa wepesi wa kuwaka. Alizaliwa na tundu moyoni na mshipa mmoja uliokaa upande usio wake.

Ilipoamuliwa kwamba moyo wa Njiti ujaribiwe mtamboni kabla ya kupasuliwa, Daktari aliuweka mwisho wa foleni. Sheria ya foleni aliitunga yeye. Wakubwa walikuwa wamekuja na vitambi vyao na vimemo vyao, akawarudisha nyuma, angempitishaje wake? Njiti alikuwa akiletwa ofisini jioni, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anauliza.

"Zamu yangu bado?"

"Bado, mama. Mbele yako kuna tufani."

"Tufani ina mama yake?"

"Haina."

"Mimi ninaye. Si nipite mbele?"

Daktari alicheka. Hilo ndilo lililokuja kumla, kwamba alicheka.

Tufani ikakokotolewa, watu wa pwani wakahamishwa mapema, mji mzima ukapona. Njiti akafa mchana kweupe, ameegemea meza ya cherehani, akisubiri babake amalize upindo wa sare yake ya shule. Na jibu la moyo wake likatoka watu wa msibani wakiwa hawajaondoka. Lilikuwa jibu zuri. Kata hapa, geuza mshipa huu, ziba tundu lile, mtoto atapona. Daktari alilisoma amesimama. Mumewe alipomuuliza mtambo umesemaje, alimjibu umesema ilikuwa haiwezekani. Huo ndio uwongo pekee aliowahi kumwambia mumewe, naye aliuamini, cherehani akaifunika shuka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi simhukumu kwa alichofanya baadaye. Aliuchukua moyo ule uliokwisha kushonwa kwa namba, mzima, usio na tundu, akaupeleka mtamboni udunde tena. Sasa, kila kazi inayopelekwa mtamboni huandikiwa kikomo. Unasema: hii idumu hadi saa fulani, na muda ukifika mtambo unaikata, iwe imekwisha au haijaisha. Asiyeandika kikomo hapokelewi, isipokuwa mkubwa wa mtambo mwenyewe. Daktari akajaza yote, akafika mahali pa kikomo. Mama gani atakayepajaza? Akapaacha wazi. Na palipoachwa wazi, ndugu yangu, hapakosi wa kuingia.

Mwanzoni ilikuwa faraja. Kila jioni alifunga mlango, akautazama moyo ukidunda kwenye kioo, akausimulia mambo ya nyumbani. Kisha akaona kitu ambacho hakuna aliyekiagiza: moyo unakua. Ulikuwa wa mtoto, ukawa wa msichana, na ingawa ulishonwa mzima ukarudia kuchechemea kwake kwa zamani. Daktari alilia kwa furaha. Alijiambia mwanawe anakua mahali fulani.

Harufu ikafuata. Ile dawa ya maji ya Njiti, yenye utamu wa chungwa la uwongo, ikawa inatoka kwenye matundu ya sakafu ukumbini. Hewa iliyopaswa kuwa baridi ya kukausha pua ikawa vuguvugu, na makabati yakatoka jasho. Kazi za watu wengine zikaanza kutupwa nje: kabati moja likaacha hesabu zake na kujiunga na moyo, kesho mawili, keshokutwa safu nzima. Walioingia ukumbini walitoka wameshika vifua. Walisema moyo wako ukikaa mle unaacha mwendo wake, unafuata ule mwingine.

Fundi Baridi alikuwa mbishi. Alikumbatia bomba kubwa kwa mikono miwili, asikilize vizuri. Walimkuta sakafuni, midomo imepauka, na alipozinduka alinong'ona kwamba moyo wake ulisimama ukisubiri ruhusa.

Siku hiyohiyo mpasuaji wa hospitali alikuja mwenyewe. Alisema kuna kichanga kimelala wodini, tundu lilelile, mshipa uleule, na kazi yake imetupwa nje ya mtambo mara tatu. Hakupandisha sauti.

"Mama yake ananiuliza kila nikipita kitandani," alisema. "Ananiuliza zamu yao bado. Nimwambieje?"

Mpasuaji alipoondoka, Daktari alijaribu kuusogeza ule moyo kando kidogo tu, kichanga kipate nafasi. Taa zote za ukumbi zikafifia, na kutoka kwenye feni, kwa pumzi fupi za mtoto aliyechoka kupanda ngazi, ikatoka sauti.

"Zamu yangu bado?"

Fundi Baridi alikuwa na shangazi yake, mganga wa kutoa majini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Wakamleta siku ya mapumziko, adhuhuri, wakampa kitambulisho cha mgeni cha kuning'iniza shingoni. Alikitazama, akauliza kama jini naye kapewa chake. Akapita safu kwa safu bila ubani wala kitabu, akigusa makabati kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akarudi kwa Daktari.

"Mwanangu, mimi huwatoa waliovamia," alisema. "Huyu hakuvamia. Majini hawana moyo, ndiyo maana wanazurura. Huyu kaukuta moyo mzima, mlango wazi, na mtu anamsimulia mambo jioni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji gani wewe, unamalizika hivyo?"

"Nifanyeje, shangazi?"

"Aliyekaribisha ndiye husindikiza. Na usiende peke yako. Mtoto ana baba."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Daktari alikwenda nyumbani, akakaa kwenye meza ya cherehani, akamwambia mumewe yote, pamoja na lile jibu zuri. Fundi cherehani alivutavuta uzi uliotokeza kwenye shuka. Halafu akasema, taratibu, kwamba angalau angeambiwa, angekuwa na mtu wa kumkasirikia zaidi ya Mungu. Akavaa viatu.

Waliingia ukumbini wameshikana mikono kama vipofu. Joto lilikuwa la chumba cha mgonjwa, harufu ya dawa ilikaa kwenye ulimi, na kila kabati lilikuwa linavuta pumzi na kuiachia pamoja na mengine, na mabomba yakadunda chini ya sakafu hata vigae vikawa vinainuka na kutua chini ya nyayo zao, na walipokuwa wakitembea walihisi mioyo yao wenyewe ikipunguza mwendo, ikijipanga, ikianza kuburura mguu, na sauti ile ikawa haitoki tena mbele bali nyuma, na pembeni, na chini, na ndani ya masikio yao, ikiuliza zamu, zamu, zamu, kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama sokoni asiyetaka kuachwa.

Baba akasimama.

"Njiti," aliita. "Ile sare yako niliipinda kwa uzi wa rangi gani?"

Feni zikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti. Kisha makabati yote yakasema kwa pamoja, kwa sauti nene isiyo na umri:

"Niongezeeni."

"Si yeye," fundi cherehani alisema.

"Najua. Nilijua zamani, Baba Njiti," Daktari alijibu. "Lakini moyo ni wake."

Wakafika kwenye kioo cha mwisho wa ukumbi. Moyo ulikuwa umekijaza chote, mkubwa kama wa ng'ombe, unagonga kingo. Daktari akafungua ile kazi, mpaka mahali palipo wazi. Vidole vikamgoma.

"Nimwandikie muda gani?"

Mumewe alifikiri. "Ule aliokuwa anachukua kusinzia," alisema. "Alikuwa hachelewi, akimaliza kubishana."

Akaandika. Wakakaa sakafuni, migongo yao kwenye kabati lenye joto, na yule baba akaanza kumkanya mtoto taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila usiku: funika miguu, acha ubishi, kesho ipo. Taa zilipepesa, kitu kikagonga makabati kwa ndani kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kikitafuta pa kutokea, kikapiga ukelele mmoja wa mbali kama chuma kinachokunjwa. Wao hawakuinuka. Mdundo ukawa mdogo, wa msichana, ukawa wa mtoto. Miwili ya haraka, wa tatu ukiburura mguu. Kisha miwili. Kisha, kabla haujakatika, sauti ndogo kabisa ikasema, "Mama, nenda nyumbani, mimi siumwi." Halafu feni zikarudi kwenye mngurumo wao, baridi ikashuka, na kazi iliyofuata kwenye foleni, moyo wa kichanga, ikaingia bila kuitwa.

Nimesema nilikuwemo, na nilikuwemo. Yote uliyosikia ndivyo yalivyokuwa: feni, harufu, vigae, yale makabati kusema. Ila hayo maneno ya mwisho ya mtoto nimeyatia mimi. Hayakusemwa. Mdundo ulikatika tu, na nilimwona yule mama akibaki ameinua uso, ameziba mdomo wa mumewe kwa kiganja ili asikie vizuri, anasubiri. Alisubiri sana. Nikaona haiwezekani nikusimulie vile.